Ndege Iliyotobolewa Kama Chekecheke na Bado Ikaruka

Mchana wa tarehe 7 Agosti 1942, siku Wamarekani waliposhuka Guadalcanal, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki kilichokuwa mikononi mwa Wajapani, rubani wa Jeshi la Majini la Marekani aitwaye James Southerland alikuwa juu ya kisiwa hicho, bunduki zake zimegoma, na nyuma yake wamemganda Wajapani. Alikuwa ndani ya Wildcat, ndege ya kivita iliyotengenezwa na kampuni ya Grumman, na alikuwa ameruka nayo kutoka manowari ya kubebea ndege Saratoga. Baadaye alieleza kilichokuwa kimemzunguka ndani ya kile chumba chembamba. Sehemu ya nyuma ya ndege ilikuwa imetobolewa kama chekecheke. Vifuniko vya masanduku ya risasi kwenye bawa la kushoto vilikuwa vimeng'oka. Dashibodi ilikuwa imevunjwavunjwa, na miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso ilikuwa imepasukia papo hapo alipoivaa. Oili ilimwagikia mguu wake wa kulia. Petroli kidogo ilikuwa imetuama chini ya miguu yake, lakini haikuendelea kuvuja. Moshi ulikuwepo, moto haukuwepo, na injini ilikuwa bado inavuta.

Aliyekuwa akimpiga ni Saburo Sakai, mmoja wa marubani mahodari kabisa wa Japani, akiwa kwenye Zero, ndege ya kivita ya nchi yake. Sakai alisimulia baada ya vita kwamba alimmiminia Mmarekani yule risasi mia tano hadi mia sita za bunduki ndogo, kisha akasogea karibu kumtazama, kwa sababu hakuamini anachokiona. Zero iliyopigwa namna ile ingekuwa imeshateketea. Mwishowe alitumia mizinga yake ya milimita 20, na risasi moja ya kulipuka ikapasuka pale bawa la kushoto linaposhikana na mwili wa ndege. Southerland akajitupa nje; mkoba wa bastola yake ukanasa ukingoni mwa chumba, akajinasua, parachuti likafunguka. Wenyeji wa kisiwa walimhudumia vidonda vyake na kumsaidia hadi akawafikia wenzake. Mabaki ya ndege yake yalikuja kuonekana msituni mwaka 1998.

Anayefuatilia habari za Vita vya Pili vya Dunia ameshasikia kwamba ndege za Grumman zilikuwa ngangari. Kiwanda chenyewe, kilichokuwa Bethpage katika kisiwa cha Long Island, jimbo la New York, marubani walikibandika jina la Karakana ya Chuma. Jina hilo ni tamu, ila linapotosha. Linamfanya mtu adhani kwamba ndege ile ilikuwa kama kifaru chenye mabawa, kwamba risasi ziligonga zikadunda. Hazikudunda. Ngozi ya Wildcat ilikuwa bati la aluminiamu, jembamba kiasi kwamba msumari na nyundo vingetosha kulitoboa. Risasi za Sakai ziliingia upande huu zikatokea upande ule. Kinachotakiwa kuelezwa ni kwa nini kutobolewa hakukutosha kuiangusha.

Sehemu kubwa ya ndege ni uwazi. Ndani ya mkia hamna kitu zaidi ya mbavu za aluminiamu, nyaya na hewa. Risasi ikipita humo inaacha tundu la ukubwa wa sarafu na kuendelea na safari yake. Mbavu zikiwa nyingi na zimepangwa vizuri, moja ikikatika mzigo wake hubebwa na jirani zake. Ndege hufa ikipigwa mahali pachache tu: alipo rubani, lilipo tangi la mafuta, ilipo injini, na zinapopita nyaya za usukani. Kwa hiyo mhandisi anayetaka ndege istahimili vita hajengi ukuta kuizunguka yote, maana haitapaa. Anachagua. Anaweka uzito wake wote wa ulinzi kwenye sehemu hizo chache, na zilizobaki anaziacha zitobolewe.

Uchaguzi huo una mtego, na aliyeueleza vizuri kuliko wote hakuwa rubani wala fundi. Abraham Wald, mwanahisabati aliyekimbia utawala wa Wanazi na kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, alipewa tatizo la ndege zinazorudi vitani zikiwa na matundu. Kosa rahisi ni kuhesabu matundu na kuimarisha pale yalipo mengi. Wald alitazama kinyume. Ndege zinazohesabiwa ni zile zilizorudi; matundu yake yanaonyesha mahali ambapo ndege inaweza kupigwa na ikafika nyumbani. Zilizopigwa kwenye injini haziko uwanjani kuhesabiwa. Kila nionapo picha ya ndege ya Grumman yenye mkia uliochanikachanika na baharia anatabasamu kando yake, humkumbuka Wald. Picha ile inatuambia kwamba mkia si mahali pa kufia.

Wa kwanza kulindwa alikuwa mtu. Nyuma ya kiti cha rubani palisimikwa bamba la chuma, mbele yake kioo kinene cha kuzuia risasi. Kwenye Hellcat, ndege iliyokuja baada ya Wildcat, vyuma vya kumkinga rubani vilifika kilo 96 hivi. Hapo ndipo chuma kingi kilipokuwa: kilo 96 ndani ya ndege iliyozidi kilo 5,500 ikiwa imesheheni.

Kisha moto, adui mkubwa kuliko risasi yenyewe. Ile petroli iliyotuama miguuni mwa Southerland bila kuendelea kuvuja ndiyo kiini cha habari yote. Anayejua kazi ya kutia kalafati kwenye jahazi ataelewa mara moja. Fundi hushindilia pamba yenye mafuta kati ya ubao na ubao, na chombo kikishushwa majini mbao hunywa maji, huvimba, na upenyo hujibana. Maji yale yale yanayotafuta njia ya kuingia ndiyo yanayoifunga njia hiyo. Tangi la Wildcat lilifanya kazi kwa kanuni ya jinsi hiyo. Lilikuwa na matabaka ya mpira, na tabaka moja lilikuwa mpira usiopikwa, ambao ukiguswa na petroli huvimba na kuwa kama uji mzito. Risasi ikitoboa, petroli hukimbilia tunduni, inagusa mpira ule, mpira unavimba, tundu linajiziba. Matone machache humwagika, basi. Zero iliyomshambulia haikuwa na kitu kama hicho: tangi likitobolewa, petroli ilimiminika na kutawanyika hewani kama mvuke, ikisubiri risasi yenye moto iliyofuata.

Injini nayo ilichaguliwa kwa jicho la vita. Injini za ndege za wakati ule zilikuwa za aina mbili. Moja ilipozwa kwa maji yaliyochanganywa na dawa, yakizunguka kutoka kwenye rejeta hadi kwenye silinda kama ilivyo kwenye gari. Nyingine ilipozwa kwa upepo tu, silinda zake zimepangwa duara nyuma ya panga boi. Ile ya maji ni nyembamba na huipa ndege pua iliyochongoka, ila tundu moja kwenye rejeta au bomba lake linatosha: maji yakiisha, injini itakwama baada ya dakika chache, na dakika chache juu ya bahari kuu ni hukumu. Jeshi la Majini la Marekani lilishikilia injini za upepo. Hellcat ilipewa Pratt & Whitney R-2800, silinda 18 katika safu mbili, nguvu ya farasi 2,000. Injini ya jamii hii iliweza kupoteza silinda nzima ikaendelea kuunguruma, kwa kelele mbaya na kutema oili, lakini inazunguka. Na pande lile kubwa la chuma mbele lilimkinga rubani dhidi ya risasi za uso kwa uso.

Nyaya za usukani hazina kinga ya kutosha popote. Hapo kilichosaidia ni kuwa na njia ya pili. Asubuhi ya tarehe 4 Juni 1942, kwenye mapigano ya Midway, kisiwa cha Pasifiki kilichokuwa kituo cha Wamarekani, ndege sita za Avenger, ndugu yake Wildcat kutoka Grumman iliyoundwa kubeba topido, zilikwenda kuzishambulia meli za Japani, na ni moja tu iliyorudi. Rubani wake, Bert Earnest, alikuwa amekatikiwa na nyaya za kuinua na kushusha pua ya ndege. Mpiga bunduki wake, Jay Manning, alikuwa ameuawa mahali pake. Ndege ikiwa karibu kugusa maji, Earnest aligusa gurudumu dogo la kusawazishia mkia, ambalo kazi yake ya kawaida ni kumpunguzia rubani uchovu wa mkono, na pua ikainuka. Alirudi Midway kwa gurudumu hilo, dira imekufa, akatua kwa tairi moja.

Yote haya yana bei, na bei yake ni uzito. Watu wengi huisimulia Zero kana kwamba Wajapani hawakujali roho za marubani wao, nami naona masimulizi hayo si ya haki. Jiro Horikoshi, mhandisi wa Mitsubishi, mwaka 1937 alipewa na jeshi la majini la nchi yake orodha ya masharti: ndege iwe na mbio, ipande upesi, igeuke kwa wepesi, na ikae angani kwa saa nyingi sana. Injini aliyoipata ilikuwa na nguvu isiyofika farasi 1,000. Kila kilo aliyoongeza ilikula sharti mojawapo. Akapunguza mpaka mwisho, na Zero ikatoka na uzito wa takriban kilo 2,400 ikiwa imejazwa, ambapo Wildcat ya mwaka 1942 ilikuwa na zaidi ya kilo 3,500. Marubani wenyewe, waliolelewa katika mapigano ya kuzungukana, walitaka ndege nyepesi inayogeuka. Waliipata, na kwa miezi mingi iliwatesa wote waliokutana nayo.

Lakini kuna siku ile ile ya Midway, kaskazini ya mbali. Rubani kijana Tadayoshi Koga aliishambulia bandari ya Dutch Harbor, Alaska, na risasi ya kutoka ardhini ikakata bomba dogo la oili la Zero yake. Bomba moja tu. Alijaribu kutua kisiwa cha Akutan, akidhani anaona nyasi kavu. Palikuwa tope, magurudumu yakazama, ndege ikapinduka na kumuua. Southerland alimwagikiwa na oili mguuni na bado alikuwa anapigana. Koga aliangushwa na tundu moja la oili. Bahati imo, sikatai. Lakini ndege iliyobaniwa uzito mpaka mwisho humwachia rubani wake bahati nyembamba zaidi.

Ugumu pia haupimwi bila kutaja kinachougonga. Bunduki ndogo za Zero zilikuwa za milimita 7.7, karibu sawa na bunduki ya askari wa miguu, na dhidi ya mpira wa tangi na bamba la kiti hazikuwa na makali ya kutosha. Mizinga yake ya milimita 20 ilikuwa habari nyingine, ila Zero ya mwanzo ilibeba risasi 60 tu kwa kila mzinga, na rubani alizitumia kwa ubahili. Sakai alimaliza mamia ya risasi ndogo bila matokeo, na risasi moja kubwa ikamaliza kazi. Angeanza nazo, huenda leo tusingekuwa na hadithi ya kusimulia. Wamarekani, kwa upande wao, walibeba bunduki sita za milimita 12.7, na waliyekuwa wakimpiga hakuwa na kinga. Ndege ya Grumman ilionekana ngumu mara mbili: kwa sababu ya jinsi ilivyojengwa, na kwa sababu adui yake aliingia vitani na silaha iliyokuwa ndogo kwake.

Mpaka hapa nimesema mambo ambayo ndege yoyote ya vita ingeyahitaji. Ndege ya manowari ina adui wa ziada anayeisubiri kila inaporudi, nayo ni sitaha ya nyumbani. Kiwanja cha nchi kavu kimetulia. Sitaha inapanda na kushuka kwa mawimbi, ni fupi, na huwezi kuilenga kwa upole. Wakati ule rubani alikata nguvu ya injini akiwa juu ya nyuma ya meli, ndege inaangukia magurudumu kwa kishindo, ndoano iliyo chini ya mkia inadaka waya uliotandikwa, na tani kadhaa zinasimamishwa ndani ya makumi machache ya mita. Kishindo hicho hupita kwenye miguu ya magurudumu, kikaingia kwenye mabawa, kikavuta uti wa mgongo wa ndege hadi mkiani. Leo hivyo, kesho hivyo, na chumvi ya bahari inakula kila kiungio.

Waingereza walijifunza hili kwa uchungu. Waliichukua Spitfire, ndege nzuri ajabu iliyobuniwa kwa viwanja vya nyasi, wakaitia ndoano na kuiita Seafire. Septemba 1943, wakati wa kuvamia Salerno nchini Italia, upepo ukiwa hafifu na meli zao ndogo zikienda taratibu, Seafire ziliharibika kwa wingi katika kutua, miguu imekunjika na pua zimevunjika. Kutua kuliwamalizia ndege nyingi kuliko Wajerumani. Hata Corsair ya Marekani, iliyokuwa na mbio kuliko Hellcat na yenye kuvumilia risasi vilevile, ilishindwa sitahani mwanzoni: pua ndefu ilimziba rubani macho, na miguu yake ilidunda ilipogusa. Jeshi la Majini likawapa Marini, askari wa Marekani wa kuvamia pwani, waitumie kwenye viwanja vya visiwani, na manowari zikabaki na Hellcat.

Waingereza hao hao walikuwa wameshaonja kazi ya Grumman, na kidogo habari hii inapita karibu na kwetu. Wildcat walizoziita Martlet zilikuwa kwenye manowari Illustrious iliyokuja bahari yetu mwaka 1942, baada ya Wajapani kupiga Colombo na Trincomalee, bandari za Sri Lanka ya leo, na meli za Uingereza kurudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa. Mwezi Mei mwaka huo Martlet hizo zilipigana juu ya Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, na kuangusha ndege za Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Ujerumani.

Sasa Hellcat yenyewe. Inasemwa mara nyingi kwamba iliundwa baada ya Wamarekani kuipata ile Zero ya Koga na kuichunguza. Tarehe zinakataa. Hellcat ya majaribio iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1942. Zero ya Koga ilionekana topeni Julai, na ikarushwa San Diego Septemba. Kilichotokana na Zero ile ni mbinu, kwa mfano kwamba ikienda kasi sana usukani wake huwa mzito na kugeuka kunakuwa shida, hivyo ndege nzito inaweza kuikimbia kwa kupiga mbizi. Umbo la Hellcat lilikuwa limeshaamuliwa: injini kubwa ibebe uzito ule wote wa kinga na bado ibakiwe na mbio. Ndilo lililokuwa jibu la mgogoro uliomshinda Horikoshi. Yeye hakukosa maarifa, alikosa farasi elfu moja zaidi.

Zilitengenezwa Hellcat 12,275 mpaka mwaka 1945, na takwimu yake inayonukuliwa sana ni ya kuangusha ndege 19 kwa kila moja iliyoangushwa angani. Tuishike kwa tahadhari. Ushindi ulihesabiwa kwa madai ya marubani, na katika vurugu ya angani watu wawili humdai marehemu mmoja kwa nia njema kabisa. Tena kufikia mwaka 1944 marubani wazoefu wa Japani walikuwa wameshakufa kwa wingi, na waliowarithi walikuwa na mafunzo machache mno. Namba inayonifundisha zaidi ni ile ya Hellcat zilizopotea. Jumla yake ni 2,462. Zilizoangushwa na ndege za adui ni 270. Mizinga ya ardhini na ya melini ilichukua 553. Ajali za kazi za vitani 341. Zilizosalia, 1,298, zilipotea katika mafunzo na katika kusafirishwa, mbali na risasi yoyote.

Zaidi ya nusu, yaani, ziliharibika nje ya vita, zikiwemo zilizokuwa mikononi mwa vijana waliokuwa wakijifunza. Ndipo napata maana nyingine ya ugumu ambayo haionekani kwenye picha za matundu. Hellcat ilikuwa ndege ya kusamehe. Iliingia kwenye kutua bila ukorofi, magurudumu yake yalisimama mbali na mbali, miguu yake ilihimili kishindo cha mwanafunzi aliyekosea. Vijana waliokuwa mashambani na madukani mwaka juzi ndio waliorushwa nazo.

Sakai naye, tukiwa bado na namba mkononi, anastahili haki yake. Siku ile ile ya Southerland, baadaye kidogo, aliwasogelea Wamarekani wengine kutoka nyuma akidhani ni ndege za kivita kama Wildcat. Zilikuwa ndege za kudondosha mabomu zenye wapiga bunduki waliotazama nyuma. Risasi ilimpiga kichwani, jicho la kulia likapofuka. Hapakuwa na kioo kinene cha kumkinga. Lakini Zero yake, nyepesi na yenye kubeba petroli ya kwenda mbali mno, ilimrudisha kituoni kwake Rabaul, zaidi ya kilomita 1,000, akiwa nusu mtu, kwa saa 4 na dakika 47. Wildcat isingeweza safari hiyo ya kwenda na kurudi. Wepesi uliomwacha uchi ndio uliomfikisha nyumbani.

Tarehe 20 Juni 1944, katika mapigano ya Bahari ya Ufilipino, Admirali Marc Mitscher alirusha zaidi ya ndege 200 jioni kabisa, kwa adui aliyekuwa mbali, akijua zitarudi usiku na petroli chini. Zilirudi gizani. Mitscher akaamuru meli ziwashe taa, nyambizi za adui ziwepo zisiwepo, na taa za kumulikia zikaelekezwa juu mbinguni. Ndege zikaangukia sitaha yoyote iliyokuwa karibu, nyingine baharini kando ya meli. Ndege kama 80 zilipotea usiku ule kwa kuishiwa mafuta na kugongana na sitaha, zile za kudondosha mabomu aina ya Helldiver zikiwa nyingi zaidi. Hellcat nyingi zilifika. Zilizovunjika na kuziba njia, mabaharia walimtoa rubani, wakatazama kama wa nyuma yake anakaribia, wakaisukuma ndege kwa mabega mpaka ikadondoka majini. Kulipopambazuka, meli zilianza kuzunguka zikiokota watu.